Kwa Nini Kompyuta za Nyumba Moja Hazionani

Toleo hili limechelewa kwa wiki mbili, na mhariri amenitaka nitoe maelezo. Maelezo yenyewe yamo ndani ya kisanduku cheusi kinachotoshana na kamusi, kilichokaa juu ya kabati la jikoni katika nyumba tunayopanga wanachama wanne. Ndani ya kisanduku mna diski moja, na ndani ya diski mna rekodi za sauti walizozikusanya wanachama waliotutangulia, mwaka hadi mwaka. Ni wazee waliotoka Unguja, Mombasa na Lamu wakafika Uingereza miaka ya 1960 na 1970, wanasimulia safari, kazi za viwandani, na harusi zilizofungwa kwenye sebule za watu kwa sababu ukumbi ulikuwa ghali. Baadhi ya wazee hao wameshatangulia mbele ya haki. Nakala nyingine hatukuwa nayo.

Kila toleo huchapa simulizi moja kutoka humo. Safari hii mwenzetu aliyepewa kazi ya kunukuu alifungua laptopu yake mpya, akaandika jina la kisanduku kama lilivyo kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni mwa friji, akajibiwa kwa namba: 0x80070035, njia ya mtandao haikupatikana. Laptopu ya zamani iliyokuwa ikikiona kisanduku bila taabu ilikufa majira ya joto. Tukazima ruta na kuiwasha, tukazima kisanduku na kukiwasha, tukazima kila kitu mpaka friji. Namba ikabaki ile ile.

Mimi nasoma historia, sisomi kompyuta, na namba ile ndiyo iliyonivuta. Ukiisoma kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita ambayo kompyuta huitumia, 35 ya mwisho ni tatu mara kumi na sita, jumlisha tano, yaani 53. Kosa namba 53 ni la zama za DOS, katikati ya miaka ya 1980, wakati kompyuta za mezani zilipoanza kuunganishwa kwa waya. Ndugu yake ni kosa namba 5, ruhusa imekataliwa, ambalo leo huja na vazi la 0x80070005. Laptopu iliyonunuliwa juzi ilikuwa inalalamika kwa maneno ya bibi yake. Nikasema, basi hapa pana kazi yangu.

Kabla ya hapo mtu aliyetaka kumpa mwenzake faili aliitia kwenye flopi akaenda nayo kwa miguu. Nyaya zilikuwepo, Robert Metcalfe aliandika waraka wake wa kwanza kuhusu Ethernet huko Xerox PARC, California, mwezi Mei 1973. Lakini waya peke yake haujui faili ni nini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya IBM, iliyokuwa imetoa kompyuta yake ya mezani mwaka 1981, ilitaka mashine hizo zizungumze ofisini, na kazi ikagawanyika mara mbili.

Nusu ya kwanza ni NetBIOS, iliyotengenezwa na kampuni ya Sytek kwa ajili ya IBM. Hii ndiyo iliyoamua jinsi kompyuta zinavyotambuana, na iliamua kwa njia ambayo mtu yeyote wa pwani ataielewa: kwa kupiga hodi kwa sauti. Kompyuta ikiwashwa hutangaza kwenye waya wote, mimi nataka kuitwa fulani, kuna mwenye jina hili? Ikinyamaziwa, jina ni lake. Ikitaka kumpata mwenzake hupaza sauti tena, fulani yuko wapi? Fulani akiitikia, mazungumzo yanaanza. Hakuna daftari la majina wala mzee wa mtaa. Katika chumba chenye mashine ishirini mpango huu ni mzuri sana. Lakini kelele hiyo haivuki ukuta. Mtandao mmoja hausikii hodi za mtandao mwingine, hata kama vyote viwili vimo ndani ya nyumba moja. Mwenzetu wa chumba cha juu alikuwa amejiunga na Wi-Fi ya wageni, ambayo ruta huitenga makusudi. Huyo angepiga hodi mpaka Idi bila kuitikiwa.

Jina la NetBIOS lina nafasi kumi na sita, na ya mwisho huonyesha aina ya huduma. Kwa mwenye kompyuta zinabaki herufi kumi na tano. Karatasi yetu ya friji, kwa mwandiko wa mwanachama aliyehitimu zamani, inasema kisanduku kinaitwa REKODI-ZA-WAZEE-WETU. Hesabu mwenyewe: ni ishirini pamoja na vistari. Kisanduku kilikuwa kinajitambulisha kama REKODI-ZA-WAZEE, na neno "wetu" lilikatwa na uamuzi wa ofisi moja ya Marekani miaka arobaini iliyopita. Hilo lilikuwa kosa letu la kwanza, nalo tulilisahihisha kwa kufuta. Namba ya kosa haikubadilika, lakini nilifurahi kana kwamba nimepata barua ya kale.

Nusu ya pili ni lugha yenyewe ya kugawana faili. Aliyeitunga ni Barry Feigenbaum wa IBM, na inasemwa kwamba kwanza aliipa herufi za jina lake mwenyewe, BAF, kisha kabla haijatoka ikabadilishwa kuwa SMB. Wazo lake lilikuwa jepesi. Programu ya DOS ilipotaka kufungua faili, kusoma au kuandika, iliiomba DOS. Feigenbaum alilikamata ombi hilo njiani na kulipeleka kwenye kompyuta nyingine kupitia waya. Programu haikujua kwamba diski iko chumba cha pili. Microsoft iliichukua lugha hiyo, ikaiongezea mambo, ikaifanya kuwa roho ya bidhaa zake za mtandao.

Ukisoma maelezo ya wakati ule unaona kitu ambacho hakimo. Hakuna mwizi. Waliotunga walikuwa na picha ya ofisi moja, watu wanaojuana, mlango unaofungwa jioni na mlinzi. Sitaki kuwalaumu, mtu hujenga nyumba kwa ajili ya mtaa anaoujua.

Sasa nataka nikae kidogo Australia, kwa sababu hapo pana hadithi ambayo klabu ya lugha haina budi kuijua. Mwishoni mwa mwaka 1991 mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra, Andrew Tridgell, alitaka kompyuta yake ya mezani ione faili zilizokuwa kwenye mashine kubwa ya Sun. Programu aliyokuwa nayo, Pathworks ya kampuni ya Digital, ilizungumza tu na seva za kampuni hiyo. Tridgell akaweka programu ya kusikiliza waya, akatazama pakiti zikipita kati ya mashine mbili, na katika siku chache za Desemba na Januari akaandika seva yake mwenyewe iliyojibu kama seva ya kweli. Wakati huo hakujua kwamba lugha aliyokuwa akiiiga inaitwa SMB. Aliitoa bure, akaenda zake.

Karibu miaka miwili baadaye alitaka kuunganisha kompyuta ya mke wake, iliyotumia Windows, na yake iliyotumia Linux. Huo ndio mtandao wa nyumbani, ndugu msomaji, na shida yake ni hii hii yetu. Akajaribu programu yake ya zamani, ikafanya kazi, na hapo ndipo akagundua kuwa bila kujua alikuwa ameiga lugha ya Microsoft. Akairudia kazi kwa bidii. Mwaka 1994 kampuni moja ikamwandikia kwamba jina alilolitumia linafanana mno na la bidhaa yao. Tridgell akaiambia kompyuta ipekue orodha ya maneno ya Kiingereza na kuleta yote yenye herufi S, M na B kwa mpangilio huo. Miongoni mwa yaliyoletwa lilikuwemo Samba, na ndilo alilolichukua.

Baadaye, mwaka 2003, alieleza walivyofanya kazi, kwa mfano ambao walimu wetu wangeupenda. Tuseme unataka kujifunza Kifaransa, na hakuna kitabu, hakuna kamusi, hakuna mwalimu. Unaketi kwenye mkahawa Ufaransa na kusikiliza. Mteja anasema jambo, mhudumu analeta kahawa. Mwingine anasema jambo lingine, analetewa mkate. Baada ya muda unajaribu kuagiza wewe mwenyewe, na ukiletewa supu badala ya kahawa umejifunza neno la supu. Ndivyo Samba ilivyoandikwa: kwa kusikiliza, kuagiza, na kuangalia kinacholetwa. Nadhani sisi tuliolelewa na bibi zetu tulijifunza Kiswahili kwa njia hiyo hiyo, isipokuwa kwamba bibi alipokosewa neno hakuleta supu.

Kilichofuata kilifika hadi mahakamani. Mwezi Machi 2004 Kamisheni ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru, pamoja na mambo mengine, iwape washindani maelezo ya lugha ambazo seva zake hutumia. Rufaa ilishindwa Septemba 2007, na mwezi Desemba mwaka huo Samba walipata hati hizo kwa malipo ya euro 10,000. Miaka kumi na sita baada ya Tridgell kuketi mkahawani, hatimaye alipewa kamusi.

Na kuna kiungo cha kwetu hapa, kidogo lakini cha kweli. Jamii hiyo hiyo ya programu huria ndiyo iliyozaa mradi wa Kilinux, ambao kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili.

Turudi nyuma. Oktoba 1992 Microsoft ilitoa Windows for Workgroups, na kugawana faili kukatoka kwa wataalamu kukaingia kwa watu wa kawaida. Pamoja nayo likaja jambo ambalo limewatesa wengi bila wao kujua jina lake. Ili mtu aone orodha ya kompyuta zilizomo, lazima mmoja aiweke orodha hiyo. Nani aiweke? Mashine zilipiga kura. Iliyokuwa na mfumo wa juu zaidi ilishinda; zikilingana, iliyokaa muda mrefu bila kuzimwa; zikilingana tena, jina. Kila kompyuta ilitakiwa kujitangaza kila dakika 12, na aliyeshika orodha hakumfuta mtu mpaka akose matangazo matatu. Wasaidizi wake nao waliichukua orodha upya kila dakika 15. Jumlisha: kompyuta iliyozimwa kwa kung'olewa waya ingeweza kuonekana kwenye orodha kwa dakika 51 baada ya kufa kwake. Na mshika orodha mwenyewe akizimwa, uchaguzi mpya. Waliokuwa na kompyuta miaka ile wanakumbuka ile ikoni ya ujirani wa mtandao: leo majirani watatu, kesho mmoja, baada ya chai wote wamerudi. Watu walidhani ni shetani. Ilikuwa siasa.

Windows 95 na 98 ziliruhusu kuiwekea folda nywila yake. Oktoba 2000 Microsoft ilitoa kiraka kwa kosa ambalo mpaka leo nikilisoma nacheka kwa uchungu: anayeingia kwa mtandao ndiye aliyeiambia kompyuta nywila yake ina urefu gani, na kompyuta ililinganisha herufi za urefu huo tu. Ukituma herufi moja, na iwe ya kwanza sahihi, umefunguliwa. Wakati huo watu walikuwa wameshaanza kuunganisha nyumba zao na intaneti ya waya wa televisheni, na wengine waliwasha kompyuta asubuhi wakaona folda za jirani wa kweli, wa nyumba ya tatu. Ile ofisi yenye mlinzi mlangoni ilikuwa imegeuka barabara kuu.

Windows XP, ya mwaka 2001, nitaipitia haraka ingawa ndiyo iliyoharibu usingizi wa watu wengi. Toleo lake la nyumbani lilijiandikisha katika kikundi kiitwacho MSHOME na toleo la ofisini katika WORKGROUP, hivyo ndugu wawili walionunua matoleo tofauti walijikuta katika orodha mbili. Toleo la nyumbani lilimpokea kila anayekuja kwa mtandao kama mgeni, bila kuuliza jina. Kisha mwezi Agosti 2003 mnyoo wa Blaster ukaenea duniani, na Agosti 2004 kifurushi cha pili cha marekebisho ya XP kikaja na fayawoli iliyowashwa tangu mwanzo, mlinzi anayefunga kila mlango usiojulikana. Tangu siku hiyo swali likabadilika. Zamani uliuliza, nitafanyaje kompyuta zangu zionane? Sasa unauliza, nani amezizuia?

Vista ikaongeza swali lake: mtandao huu ni wa nyumbani au wa hadharani? Ukijibu hadharani, kompyuta inajificha. Ni busara kabisa kwenye mkahawa, lakini mtu akiharakisha siku ya kwanza ya laptopu mpya na kubofya jibu lisilo, nyumbani kwake mwenyewe anakuwa kama msafiri stesheni. Windows 7, mwaka 2009, ilijaribu kutuhurumia kwa HomeGroup: nywila moja iliyoandikwa na mashine, ikabandikwa kwenye friji, basi. Mimi naiona ilikuwa kazi ya upole, nayo iliondolewa mwaka 2018.

Nafika sasa kwenye tukio ambalo sisi tunaoishi Uingereza hatuna haja ya kulisoma vitabuni. Ijumaa tarehe 12 Mei 2017 kompyuta za hospitali zilianza kuonyesha ukurasa mwekundu unaodai fidia. WannaCry ilifika nchi zaidi ya 150, na England kama theluthi moja ya taasisi zinazoendesha hospitali za umma ziliathirika kwa namna moja au nyingine. Miadi ya wagonjwa ilifutwa kwa maelfu, na magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Mlango ulioingiliwa ulikuwa namba 445, ule wa kugawana faili. Lugha iliyotumika ilikuwa SMB ya toleo la kwanza, mjukuu wa moja kwa moja wa ile ya Feigenbaum. Chombo cha kuvunjia kilitengenezwa na shirika la ujasusi la Marekani, NSA, kikaibwa, kikamwagwa hadharani mwezi Aprili. Kiraka cha Microsoft kilikuwa kimetoka tarehe 14 Machi. Wengi hawakuwa wamekiweka.

Miezi minane kabla ya hapo Ned Pyle, aliyekuwa na dhamana ya SMB huko Microsoft, aliandika makala akiwasihi watu waache toleo la kwanza. Matoleo ya pili na ya tatu yalikuwepo tayari, la pili tangu Vista, la tatu tangu 2012, nalo linaweza kufunga mazungumzo kwa fumbo yasisomwe njiani. Oktoba 2017 Windows 10 mpya zikaanza kuja bila toleo la kwanza. Na kwa kuwa ile orodha ya majirani, pamoja na uchaguzi wake wote, ilitegemea toleo hilo, nayo ikaondoka. Kompyuta za leo hutambulishana kwa utaratibu mwingine kabisa. Ndiyo maana folda ya mtandao inaweza kuwa tupu huku kila kitu kiko salama: orodha si ushahidi. Andika anwani ya namba mwenyewe, mistari miwili ya kulala nyuma kisha 192.168 na zinazofuata, uone kama utafunguliwa.

Kisanduku chetu kinajua toleo la kwanza tu. Aliyekitengeneza ameshaacha kukitumia marekebisho. Laptopu mpya haijui toleo la kwanza. Walikuwa watu wawili chumba kimoja, kila mmoja na lugha yake, na hakuna mkalimani.

Dawa inayotolewa kila mahali ni kuliwasha tena toleo la kwanza kwenye laptopu. Ni dakika tano. Wawili kati yetu wanne walitaka tufanye hivyo, na hoja yao haikuwa ya kipuuzi: kisanduku kiko nyuma ya ruta, laptopu ina viraka vyote, mhariri anapiga simu. Mimi nikasema laptopu haikai nyuma ya ruta yetu. Inakwenda maktaba, inakwenda mkahawani, inakwenda Heathrow, na swichi tuliyoiwasha jikoni itabaki imewashwa huko kote, kwa sababu hakuna binadamu anayekumbuka kuzima. Tuliongea mpaka saa saba usiku. Kilichowashinda haikuwa ufasaha wangu. Dada mmoja anayefanya zamu hospitalini alisema tu kwamba wenzake wa zamani kazini bado wanasimulia juma lile la kalamu na karatasi.

Basi tukakifungua kisanduku kwa bisibisi, tukatoa diski, tukaiunganisha kwa waya wa USB na laptopu ya Windows. Hapa ndipo nilipotokwa na jasho. Windows haikuitambua diski na ikauliza kwa heshima kubwa kama tungependa iiandae upya. Kuiandaa maana yake ni kuifuta. Kidole cha mwenzetu kilikuwa tayari kwenye kitufe. Visanduku vya namna hii mara nyingi ni Linux ndani, na diski yake ilikuwa imepangwa kwa mpango wa Linux ambao Windows haiusomi. Kwake ilikuwa karatasi tupu. Tukaichomoa, tukaipeleka kwenye laptopu yenye Ubuntu, na folda zote zikajipanga, kwa mwaka na kwa jina la mzee. Tulinakili mara mbili, diski mbili, kabla ya kula.

Kisha tukaweka Samba kwenye laptopu hiyo ili wote wasome kutoka hapo, na nilidhani kazi imekwisha. Haikuwa hivyo. Laptopu mpya ilikuwa imeambiwa huu ni mtandao wa hadharani, tukabadilisha. Ikagoma kuingia kama mgeni, na ilikuwa na haki, kwani Windows 11 Pro tangu toleo la 2024 haitaki kuingia mahali bila jina na inadai mazungumzo yenye saini, na mgeni hana saini. Tukampa jina na nywila, ikakataa. Nywila tuliyotumia ilikuwa ya Ubuntu, na Samba ina daftari lake la nywila, kwa sababu Unix na Windows tangu zamani huzificha nywila kwa njia mbili zisizolingana, na Tridgell na wenzake hawakuwa na la kufanya ila kuweka daftari la pili. Tukaandika humo. Ikafunguka.

Mwenzetu wa chumba cha juu, tuliyekwisha kumtoa kwenye Wi-Fi ya wageni, alikuwa na yake. Alitaka kushirikisha folda ya picha kutoka kompyuta yake ya Windows, na kila aliyejaribu kuingia alikataliwa. Alikuwa akitupa PIN anayofungulia laptopu asubuhi. PIN hiyo ni ya mashine ile tu, haivuki waya. Mtandao unataka nywila ya akaunti yenyewe, ambayo hakuwa ameiandika tangu siku aliyoinunua. Aliitafuta kwa siku mbili.

Mwenye Mac aliingia bila kuuliza kitu. Apple nao waliiacha lugha yao ya zamani wakaihamia SMB mwaka 2013, na mwenzetu huyo amekuwa akitukumbusha hilo kila siku wakati wa kuosha vyombo.

Simulizi ya toleo hili imeanzia ukurasa unaofuata. Ni ya bibi aliyefika Southampton kwa meli mwaka 1964. Rekodi mbili katika folda yake hazifunguki bado, na tunaamini kosa liko kwenye faili zenyewe, halina uhusiano na mtandao. Wanachama wanaotaka kusikiliza nyingine waje Alhamisi jioni. Kompyuta inaitwa sasa WAZEE-WETU, herufi kumi pamoja na kistari chake. Njooni na nywila, msije na PIN.